Kisogo cha Kishoka Cheusi

Akwesasne, 4 Novemba 1956

Mdogo wangu Saksarie,

Sikuulizi hali. Mtu anayeondoka kwenye mazishi ya mama yake saa kumi na mbili jioni, na kishoka cha mama huyo kikiwa chini ya kiti cha gari, hali yake lazima ni nzuri.

Asubuhi nilikuta msumari mtupu ukutani. Nilidhani kimeanguka, nikapapasa nyuma ya jiko mpaka masizi yakanifika viwikoni. Ndipo Atonwa, mzee wetu wa kuchonga fimbo za mchezo, akaniambia alikuona ukikifunga ndani ya koti. Hakusema kitu kwa sababu alidhani umepewa. Nani angekupa? Vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kumi, tukishakula naye mara ya mwisho. Hilo hata watoto wanaocheza barabarani hapa wanalijua. Ukoo wetu wa Kobe unapitia kwa mama na nyumba ni ya wanawake, nawe umefika miaka thelathini na sita hujalielewa bado.

Siku ya kumi tulikula. Kiti chako kilikuwepo na sahani yako ilipakuliwa supu ya mahindi, ikapoa. Vitu viligawiwa. Sikuambii nani alipata nini, maana hukuwepo.

Na ukutani vilikuwa vishoka viwili, tomahoki kama wazungu wanavyoviita. Kimoja kina moyo wa shaba ubavuni na kibakuli cha kuvutia tumbaku, kinang'aa. Kingine ni cheusi, kina kutu, na kisogo chake, upande wa nyuma ya makali, kimevimba. Ukachukua cheusi. Hata kuiba hujui.

Kirudishe.

Dada yako,
Sesir


Brooklyn, 18 Novemba 1956

Dada Sesir,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliwasomea wenzangu wa genge la ribiti, misumari ya kuungia vyuma vya majengo, wakati wa chakula, ghorofa ya thelathini na moja, wakacheka sana. Ahsante.

Nilichukua cheusi kwa sababu najua chuma, na katika nyumba hiyo hakuna mwingine anayekijua. Hicho chenye moyo wa shaba mnachokipangusa kila Jumamosi kimemiminwa kwenye kalibu. Tia kidole ndani ya tundu la mpini, utagusa mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kigonge kwa ufunguo, kitakujibu kama sufuria. Babu alikipata kwenye maonyesho, enzi zile alipokodiwa kuvaa manyoya na kupiga makelele mbele ya wazungu. Ninyi mnakiita urithi.

Cheusi kimefuliwa kwa mkono. Fundi alichukua bamba la chuma laini, akalikunja kuzunguka mtaimbo akapata tundu, akakutanisha ncha mbili, na katikati yao akatia ulimi wa chuma cha pua. Akavigonga vikiwa vyeupe kwa moto mpaka vikawa kitu kimoja. Mshono wake uko ubavuni, lakini wanauona wenye macho tu. Ulimi ule ndio makali yenyewe. Ukikigonga kinalia kama kengele.

Mngekifanyia nini? Wewe ungepasulia kuni. Na mimi ningesubiri siku ya kumi ili nipewe nini, kikapu? Nilipelekwa shule ya wazungu nina miaka sita, nikawa narudi kiangazi tu, na nilipofika kumi na saba nikaenda kwenye vyuma vya majengo. Mama alinijua kama mgeni anavyojulikana. Kila kilichomo humo ndani ni chako, Sesir, usijifanye hujui. Nimechukua kimoja. Nitakitengeneza kiwe kama siku kilipotoka kwenye moto.

Saksarie


Akwesasne, 2 Desemba 1956

Mdogo wangu,

Wenzako wanaorudi nyumbani kila Ijumaa wameniletea habari. Wanasema unakiweka kishoka juu ya meza ya baa na kuwaambia watu kwamba kilipasua vichwa vya askari. Hakijawahi kuua hata kuku. Wanasema pia kwamba hukulipia kinywaji hata kimoja usiku ule, kwa hiyo uongo wako una kazi.

Sitabishana na wewe juu ya chuma. Mtu akikaa miaka kumi na tisa juu ya chuma atakijua, kama njiwa anavyolijua paa. Neno moja tu nakuambia, lishike. Karamu ya mwaka wa Mama ni Oktoba ijayo. Siku hiyo kishoka kiwe kwenye msumari wake. Kisipokuwepo, sitakuwekea sahani tena katika nyumba hii, karamu hiyo wala nyingine, na ukipita barabarani nitafunga mlango. Utabaki na mke wako na ukoo wa mke wako, na huku hutakuwa na kwenu.

Unaweza kuwasomea genge lako.

Sesir


Brooklyn, 20 Januari 1957

Dada,

Umetisha, nimesikia. Sasa sikiliza kazi inavyofanywa.

Nilikilaza kwenye siki siku mbili, ndani ya beseni la Wari, mke wangu, ambaye hajanisamehe. Kutu ikalainika ikawa tope. Nikakisugua kwa brashi ya waya, nikakiosha kwa maji ya moto na magadi ili siki isiendelee kula, nikakikausha juu ya jiko na kukipaka mafuta. Mstari wa chuma cha pua umejitokeza, kijivu, upana wa kidole gumba. Umebaki wa kutosha maisha mawili. Kile chenu cha shaba ukikitia kwenye siki kitajitokeza kuwa takataka.

Mpini wa zamani ulikuwa aibu. Umepasuka, umefungwa waya, na juu ya waya mtu kazungusha kitambaa cha maua kilichoganda kwa jasho. Nimeutupa wote na kitambaa chake. Nimenunua mpini mzuri wa nyundo, nimeuchonga ukaingia kwa chini, nikapigilia kabari ya chuma juu. Hautoki hata uamriwe na mahakama.

Saksarie


Akwesasne, 3 Februari 1957

Mdogo wangu,

Nilimsomea Atonwa barua yako. Nilipofika kwenye kabari akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, maana wanawe nao walikuwa wameingia na hakutaka wakose.

Anasema hivi. Kishoka cha namna hiyo hupokea mpini kwa juu, kama sururu. Mpini ni mnene kichwani na mwembamba mkononi. Unaupitishia juu ukashuka, na kila unaporusha mkono ndipo unapozidi kukaza. Hakitaki kabari. Kabari yako inasukuma tundu lipanuke, na siku moja itaufumua mshono uleule uliojisifia kuuona. Anauliza, miaka yote hiyo huko juu, ni wewe unayeshika nyundo au unawashikia wenzako kofia?

Kabari itoe leo. Amekuchongea mpini. Ameupasua kutoka kwenye gogo, hakuukata kwa msumeno, ili nyuzi za mti zifuate urefu. Anasema hajaufanya kwa ajili yako. Mpini utakuja na gari la Jumapili la wanaorudi kazini, umefungwa kwenye gazeti, usidhani ni kuni.

Na kile kitambaa cha maua. Umekitupa wapi?

Sesir


Brooklyn, 17 Machi 1957

Dada,

Kabari nimeitoa. Mpini umeingia kwa juu na umekaa. Mwambie Atonwa anajua mti, na kwamba mti ni kazi ya watu wasiopenda kwenda juu.

Kitambaa kimeenda na taka za jengo zima. Ni kitambaa, Sesir.

Upande wa makali kulikuwa na jambo dogo. Nilikipeleka kazini nikakiweka kwenye jiwe la umeme la kunolea, kwa sababu mtu mwenye akili hawezi kukaa wiki nzima akisugua kitu ambacho mashine inakimaliza kwa dakika mbili. Cheche zilikuwa nzuri. Kisha makali yakageuka rangi ya samawati. Nikajaribu kwenye ubao, yakajikunja kama bati, maana joto limeyalainisha. Nakuambia hivi ili usilisikie kwa wanaorudi Ijumaa, ambao wameshalijua wote.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na chuma. Huyu mwenzetu anayechoma ribiti ana kijitanuri chake pale pale ghorofani. Nilipasha makali mpaka yakawa mekundu kama cheri iliyoiva, nikachovya ncha tu kwenye ndoo, ikatoa mvuke ikawa ngumu kama kioo. Nikaing'arisha, nikaacha joto la nyuma litambae lenyewe kuja mbele, nikitazama rangi. Ilipofika ya majani makavu nikachovya tena. Sasa tupa inayala kwa shida. Hakuna mtu Akwesasne angeweza hilo.

Saksarie


Akwesasne, 31 Machi 1957

Mdogo wangu,

Hakuna mtu Akwesasne angehitaji hilo, maana hakuna ambaye angekiunguza kwanza.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaweka kikapu chini. Wanaume wetu wanajengea wazungu madaraja na majumba yanayogusa mawingu, wanapigwa picha kwenye magazeti, na mmoja wao hawezi kunoa kishoka cha mama yake. Mimi ninayesuka nyasi za kunukia nitakufundisha, basi. Kibane kwenye jiliwa kwa ngozi, si chuma kwa chuma. Sukuma tupa kuelekea makali, usiirudishe ikiwa imegusa. Usiyafanye membamba kama ya kisu, kishoka ni cha kugonga, yawe na tumbo kidogo. Kisha jiwe na mafuta, mizunguko midogo midogo, upande huu na upande ule, mpaka ukipitisha ukucha usikwame popote. Mwisho mkanda wa ngozi. Ukilazimika kurudi kwenye mashine yako, chovya maji kila ukihesabu tatu, na kikikuchoma vidole umeshachelewa.

Itakuchukua jioni kadhaa. Punguza jioni za baa.

Sesir


Brooklyn, 26 Mei 1957

Dada,

Nimemaliza. Nilifuata maneno yako kwa sababu yalikuwa sahihi, na sitalirudia hilo. Kinanyoa nywele za mkono. Kinakata uzi unaoning'inia.

Kilichobaki kilikuwa kile kisogo. Sijui ni mpumbavu gani katika nyumba yetu alitumia kishoka cha vita kama nyundo, lakini alikitumia sana. Kingo zilikuwa zimekunjika nje kama uyoga, na katikati kumejaa vishimo na mabonde. Kilinitia aibu kila nilipowaonyesha watu. Nikakipeleka kwenye jiwe la umeme, nikichovya kila nikihesabu tatu kama ulivyonifundisha, siku mbili za mchana. Nikakisaga chote. Sasa kimelala sawa kama sahani na kinang'aa. Ukikitazama huwezi kujua kama kiliwahi kuguswa na mtu.

Oktoba nitakileta. Nitakitundika mwenyewe mbele ya watu wote, nimwone atakayecheka. Kisha nitakiondoa tena, maana ni mimi niliyekiokoa. Wekeni sahani.

Saksarie


Brooklyn, 7 Julai 1957

Dada,

Wiki sita. Barua zako zote zilijaa matusi, na sasa hata tusi moja hulioni la kunifaa?

Wanaorudi Ijumaa wanasema u mzima, unasuka, huulizi habari zangu. Kama umekasirika kwamba kazi imekwisha na haina kasoro, sema.

Saksarie


Akwesasne, 11 Agosti 1957

Saksarie,

Nimeanza barua hii mara tano. Nne zilikuwa za matusi na nilizitia motoni.

Baba alipoanguka kutoka darajani akafa, ulikuwa na miaka sita. Ndiyo sababu ulipelekwa shule, hapakuwa na chakula cha vinywa vitatu. Mama alibaki na mimi na vikapu. Kikapu huanza na gogo la mti mweusi wa kinamasini. Unalipiga kwa kisogo cha shoka toka ncha hii hadi ile, mara elfu, mpaka mti ubanduke tabaka kwa tabaka, na matabaka yale ndiyo tunayosuka. Kupiga gogo ni kazi ya wanaume. Kwetu hapakuwa na mwanaume. Shoka kubwa la Baba lilimshinda Mama kifundo cha mkono, akachukua kile cheusi ukutani. Alikipigia magogo miaka thelathini. Ni kazi ya baridi na masika, na wewe ulikuja kiangazi kuogelea mtoni, kwa hiyo hukumwona hata siku moja.

Ule uvimbe ulikuwa wake. Vishimo vile ndimo mkono wake ulimopita. Mpini ulipasuka akaufunga waya, waya ukamkata kiganja, akachana aproni yake ya maua akauzungushia. Viatu ulivyovaa siku ya kwanza kwenye vyuma, na mkanda wa zana, vilitoka humo. Nilimsaidia kubeba vikapu kwenda kuviuza.

Sasa ninalopaswa kukuambia. Siku ya kumi, maneno aliyoyaacha yalisomwa mbele ya watu. Mimi nilipewa nyumba, na kile cha shaba, ambacho najua vizuri kwamba ni takataka. Juu ya kile cheusi alisema: "Mpeni Saksarie. Kimemlisha naye hajui. Na asikisafishe, akipokee kilivyo, nataka aone."

Kiti chako kikabaki kitupu na maneno yakasemwa kwa sahani ya supu. Ulikuwa umeiba kitu chako mwenyewe.

Nilikuwa na karatasi tarehe nne Novemba. Mstari mmoja ungetosha. Lakini niliona mtu aliyekimbia mazishi hastahili kusikia sauti ya mama yake, na nikaamua ukae mwaka mzima ukijua u mwizi, kisha Oktoba nikuambie mbele ya watu wote ili uso wako uanguke nikiutazama. Nililisubiri hilo kwa hamu. Kila barua yako ilinifurahisha. Na nilipokufundisha kuchovya maji kila ukihesabu tatu nilijiona mjanja sana.

Wewe ulisaga kwa sababu hukujua, na hukujua kwa sababu nilikudharau. Hakuna kitu kingine cha Mama chenye alama ya mkono wake. Vikapu vyake vyote viliuzwa. Nimekaa nalo jambo hili majira yote ya kiangazi na silali vizuri.

Sahani yako itawekwa. Lile la kukufungia mlango lifute.

Sesir


Brooklyn, 1 Septemba 1957

Dada Sesir,

Kwanza nilikutukana kwa sauti hapa ndani mpaka Wari akatoka nje. Ulistahili. Kisha nikaenda kuuliza zinakomwagwa taka za jengo, wakanicheka. Hata mimi nilijua ni miezi saba.

Nimekitazama kisogo kwa mwanga wa dirishani, kila upande. Nilifanya kazi nzuri mno, Sesir. Nilitafuta hata kishimo kimoja nilichokisahau. Mimi ni fundi hodari, hakuna hata kimoja.

Nimewaambia genge langu nahitaji wiki mbili. Wameuliza nani kafa, nikasema Mama, wakasema huyo si alikufa mwaka jana. Nikawaambia mwaka jana sikuwepo.

Nakuja Ijumaa, sisubiri Oktoba. Mwambie Atonwa anitafutie gogo la mti ule na alilaze majini lisikauke. Najua hakitarudi hata kishimo kimoja cha vile vyake, na najua utakaa mlangoni kunicheka ninavyopiga, kwa hiyo tafuta kiti. Usinifundishe. Napiga ribiti tangu nina miaka kumi na saba, gogo halitanishinda.

Au basi, nifundishe. Nionyeshe Mama alivyokishika.

Mdogo wako,
Saksarie